Zinarudi Stima Ikipotea

Dada wa mapokezi alikuwa amepewa hadi Ijumaa ajieleze. Kwenye simu daktari hakutaja hilo, alisema tu, "Njoo uangalie hii mashine."

Ni kliniki ndogo ghorofani, karibu na Uganda Road. Kila mgonjwa akilipa, jina na kiasi huandikwa kwenye folda iliyoko kwenye seva, kule stoo. Mara tatu tangu mvua ianze, stima ilipotea usiku, na asubuhi yake rekodi za zamani hazikuonekana. Foleni ni ndefu, kwa hivyo dada aliandika tu. Mchana daktari alipiga ile amri aliyoachiwa na fundi wa kwanza, mount -a, na za zamani zikarudi zote. Za asubuhi hiyo zikapotea. Rejista ya maabara ilionyesha wagonjwa kumi na mmoja, kompyuta hata mmoja. Pesa alikabidhi, lakini bila rekodi nani atajua kama ni zote?

Nikamuuliza yeye kwanza. "Hizo zilizopotea huwa zinarudi stima ikipotea tena," akasema. "Niliwaambia, wakacheka."

Hapo nikajua. Folda kwenye kompyuta yake ni kama meza, na kuunganisha seva ni kutandika kitambaa juu yake. Karatasi ukiziweka kabla ya kitambaa, kikija kinazifunika. Hazijaenda mahali. Nikaondoa kitambaa, yaani nikapiga umount, na zikatokea: asubuhi zote tatu, saa na dakika, wagonjwa kumi na mmoja.

Na chanzo? Kompyuta mpya! Ile ya zamani ilikuwa mzee wa kuamka polepole, ikifika kwenye kuunganisha seva, swichi ya mtandao imeshawaka. Hii mpya, na diski yake ya SSD, iliamka kabla ya swichi, ikabisha hodi mara moja, ikakosa mtu, ikaendelea na maisha. Ukinunua kitu cha haraka hakuna anayekuambia kwamba ule uzembe wa kale ulikuwa unafanya kazi.

Kwenye /etc/fstab nikaongeza _netdev, ingoje mtandao, na x-systemd.automount, ili seva iunganishwe mtu anapogusa folda, si wakati wa kuwaka. Kisha folda ya chini nikaifunga kwa chattr +i. Seva isipokuwepo, kuandika kukatae waziwazi. Nadhani hili la mwisho ndilo muhimu zaidi. Kosa linalopiga kelele halimfukuzishi mtu kazi.

Nikachomoa swichi, nikazima kila kitu, nikawasha. Nikarudia. Dada alisimama nyuma yangu muda wote, hata chai hakunywa.

Kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji wetu, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na daktari hupenda kusimulia hilo. Siku hiyo hakusimulia. Alisema, "Kumbe," akatoka.

Dada akachapisha zile kurasa tatu, akamfuata nazo na kalamu, aweke sahihi.