Magurudumu yasiyo na tyubu katika njia ya Kisarawe

Kuunga udugu ni jambo tunalohimizwa sana mimbarini, lakini utekelezaji wake mara nyingi hutegemea vitu vidogo vya dunia: nauli, viatu, au gurudumu la baiskeli. Sisi tunaishi Kibaha, na mama yetu mzee anaishi Kisarawe. Kila Jumamosi vijana wetu wawili humpelekea bibi yao dawa za shinikizo la damu kwa baiskeli za milimani, wakipita njia za ndani upande wa Kiluvya. Wilaya zetu zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani, tena zinapakana. Lakini kwa mwendesha baiskeli, kati yake kuna mchanga, mawe, mizizi na mbigili.

Mbigili ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mwiba wake mdogo hupenya tairi, hutoboa tyubu, na upepo wote hutoka. Kuna Jumamosi vijana walirejea baada ya Isha wakizikokota baiskeli, viraka vimewaishia njiani. Usiku ule sisi wazazi tulikaribia kuafikiana kwamba safari hizo zikome. Mkubwa akauliza kwa adabu: "Mama, na dawa za Bibi atazipeleka nani?" Hatukuwa na jibu.

Fundi wetu wa Maili Moja ndiye aliyetukumbusha kwamba magari yameacha tyubu zamani, na kwamba baiskeli za milimani nazo zinaweza. "Mkifanya hivi mtaninyima kazi ya pancha," alisema huku akicheka, "lakini riziki agawaye ni Mwenyezi Mungu." Tairi la upepo lililofaa kwa baiskeli lilitokana na huruma ya mzazi: John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alilijaribu kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akalipatia hataza mwaka 1888.

Kazi ilianza kwa kukagua rimu, kwani si kila rimu hufaa. Rimu za chuma za baiskeli za kawaida hazilishiki tairi barabara, na tairi likichomoka katika mwendo ni hatari. Zetu zilikuwa za aluminiamu, zilizotengenezwa kupokea tairi za namna hii. Fundi alizisafisha, akafunika matundu ya spoku kwa utepe usiopitisha upepo, akafunga valvu yenye kitako cha mpira. Kisha akavisha tairi na kumimina ndani maji mazito meupe yaliyotengenezwa kwa utomvu wa mpira, takriban mililita 100 kwa kila gurudumu. Pampu ya mkono haikutosha. Ilibidi mashine ya upepo ya gereji, ili kingo za tairi zirukie mahali pake kwa mlio mkali. Baada ya hapo alizungusha na kutikisa gurudumu ili maji yaenee kila upande.

Siri yake ni hii: mwiba ukipenya, upepo unaotoka huyasukuma maji yale kwenye tundu, nayo huganda na kuliziba. Aidha, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa kati ya rimu na jiwe, upepo waweza kupunguzwa. Vijana wetu walikuwa wakijaza paundi 38. Sasa wanatumia 26, na tairi hushika mchanga vizuri zaidi.

Hata hivyo, miiba haikuondoka njiani, na maji yale hayadumu. Kwa joto la Pwani hukauka baada ya miezi michache, na tairi lililokauka ndani huonekana zima kwa nje. Kwa hiyo tumemkabidhi mdogo kalenda ya ukutani: kila baada ya miezi miwili hukagua na kuongeza. Tundu kubwa, au mpasuko wa ubavuni, halizibiki kwa maji hayo. Hivyo kila safari hubebwa tyubu moja ya akiba na pampu.

Gharama haikuwa ndogo, na kwa familia yenye rimu zisizofaa, viraka vya fundi bado ni chaguo la busara. Kwetu sisi, fedha ile ilinunua utulivu wa Jumamosi. Vijana huondoka baada ya Alfajiri, dawa humfikia Bibi, na Alasiri huwakuta, Alhamdulillahi, wamekwisharejea nyumbani.