Pumzi ya Gari

Mtu akikosa chakula aweza kustahimili siku kadha wa kadha. Akinyimwa hewa kwa dakika chache, maisha yake hukoma. Gari nalo lina tabia hiyo hiyo. Njaa ya gari twaijua sote, kwa kuwa petroli hununuliwa kwa fedha, na kitu cha kununuliwa hakisahauliki. Pumzi yake hatuifikiri, kwa sababu hewa haiuzwi. Lakini kilo moja ya petroli haiungui vema mpaka ipate kilo 14 na zaidi za hewa. Tukipima kwa lita, lita moja ya petroli huhitaji lita 9,000 hivi za hewa ya pwani. Gari, basi, ni mlaji wa hewa zaidi kuliko mlaji wa mafuta.

Mimi ni mkazi wa Elburgon, mji wa mbao na viazi ulio katika vilima vya Mau, magharibi ya Nakuru. Reli iliyofika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901, hupita hapa ikipanda kwenda Molo. Mji wetu uko kiasi cha meta 2,400 juu ya bahari, na mahali palipoinuka hivyo hewa huwa nyepesi. Pumzi moja inayovutwa hapa ina upungufu wa karibu robo, ikilinganishwa na pumzi inayovutwa Mombasa. Lita moja ya petroli iliyotosheka kwa lita 9,000 za hewa pwani, huku kwetu hutaka karibu lita 12,000. Ndiyo sababu gari lililokuwa na nguvu Mombasa huonekana kama lina pumu likifika Molo.

Hata hivyo, hewa ya Elburgon ina fadhila moja, nayo ni baridi. Hewa ya baridi hujikusanya pamoja, kama watoto waliojifunika blanketi moja; hewa ya joto hutawanyika, kila chembe ikijitafutia nafasi yake. Ukijaza ndoo hewa ya nyuzi 16, kisha ukajaza ndoo ile ile hewa ya nyuzi 52, ya pili itakuwa pungufu kwa sehemu 11 hivi katika 100. Ndoo ni ile ile, bali kilichomo si kile kile. Mitungi ya injini ni ndoo za namna hiyo: hujazwa na kumwagwa mara nyingi kila dakika, na nguvu ya gari hutegemea kilichomo, si ukubwa wa ndoo peke yake.

Sasa tazama ajabu yake. Nje ya gari pana baridi ya kutetemesha. Lakini magari mengi ya zamani huvuta hewa iliyo chini ya boneti, karibu na injini inayochemka na bomba la moshi linalounguza. Gari la namna hiyo hufanana na mtu aliyeinamia jiko akilalamika kuwa hapati pumzi, hali mlango uko wazi nyuma yake.

Jambo hili lilinijia kwa njia ya mpwa wangu. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na misumeno ya mji wetu, iliyokuwa ikilia tangu alfajiri, ikanyamaza. Watu wengi walitafuta riziki nyingine. Mpwa wangu, aliyekuwa akichukua mbao, akaanza kuchukua viazi na karoti mpaka Nakuru, na kurudi na saruji na unga. Pikapu yake ni kuukuu, ya petroli na kabureta. Kushuka haikumsumbua. Kurudi ndiko kulikokuwa taabu: kutoka Njoro kuja Elburgon barabara hupanda, na pikapu yenye mzigo ilikwenda kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo.

Siku moja alinijia na kuniambia, "Shikamoo, Mjomba. Nimeona bomba dukani mjini Nakuru. Linang'aa kama fedha, na mwisho wake lina kichujio chenye umbo la pia. Mwenye duka asema gari litapata nguvu mpya."

Nilimwuliza bei. Alipoitaja nilikaa kimya, maana ilikuwa sawa na karo ya muhula mmoja ya binti yake, aliyekuwa kidato cha pili. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Uso wake ulionyesha. Gari lisipopanda, karo haipatikani. Na bomba likinunuliwa, karo ya muhula ule imekwisha.

"Mwanangu," nilimwambia, "kabla hatujanunua pumzi, tujue kwanza gari hili linapumulia wapi."

Tulianza na mambo yasiyo na gharama kubwa. Kichujio cha karatasi kilikuwa kimejaa vumbi, tukakibadilisha. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, kwa kuwa kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya chini humimina petroli kupita kiasi katika hewa nyepesi ya juu, fundi akaisawazisha. Kisha tukafunga kipimajoto mdomoni pa sanduku la kichujio. Baada ya kupanda mlima na mzigo, kilisoma nyuzi 52, na nje palikuwa na nyuzi 16. Tulipoona hesabu hiyo tulitambua kosa la lile bomba la dukani: kichujio chake kingekaa uchi mahali pale pale penye joto. Lingekuwa bomba la hewa baridi kwa jina, na la hewa moto kwa kazi.

Tukalifanya bomba letu. Tulinunua kwa wauza vyuma vikuukuu kipande cha mpira mpana wenye mbavu, uliotolewa katika gari lililokufa. Upande mmoja tuliufunga kwa kibano cha chuma katika sanduku la kichujio lile lile la zamani. Upande wa pili tuliupeleka mbele, nyuma ya wavu wa uso wa gari, kando ya taa, mbali na rejeta. Fundi wa jua kali alikata bati, akalikunja, akalisimamisha kati ya sanduku na injini liwe ukuta wa kuzuia joto. Tuliangalia mpira usiguse feni wala bomba la moshi. Gharama yote, pamoja na ujira wa fundi, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya dukani.

Kijana msomaji, usidhani kazi hii haina hatari. Ya kwanza ni vumbi. Kichujio ni pua ya gari. Mtu anayekiondoa ili hewa iingie kwa wingi huingiza mchanga unaosaga mitungi. Ya pili ni maji. Mdomo wa bomba ukiwekwa chini, karibu na barabara, gari likivuka dimbwi huvuta maji. Na maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo vyuma vya ndani hupinda au kuvunjika. Mvua za Mau zinajulikana, nasi tuliuweka mdomo juu, sawa na ukingo wa boneti. Ya tatu ni baridi yenyewe. Kabureta katika hewa ya baridi yenye unyevu yaweza kufanya barafu ndani yake, na kwa sababu hiyo baadhi ya magari ya zamani yalitengenezwa na kilango cha kuchagua hewa ya joto au ya baridi. Sisi tulikiacha kilango hicho kifanye kazi yake asubuhi zenye ukungu. Na mwenye gari la siku hizi aangalie kwanza: mengi yamekwisha kupewa njia ya hewa ya nje tangu kiwandani, na ndani ya njia hiyo mara nyingi mna kipimo chepesi kinachoiarifu kompyuta kiasi cha hewa iliyoingia. Anayekata ovyo huharibu kilichokuwa kizima.

Mafundi wakubwa nao hutii sheria hizo hizo. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 yakiwa na makao Naivasha, baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yamefungwa bomba refu lililosimama kando ya kioo, ili yavute hewa mbali na maji na vumbi. Wala ushindi si wa vitu vipya tu: mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano hayo kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine.

Je, tulipata nini? Tulipima tena, kwa mlima ule ule na magunia yale yale. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24 badala ya 52. Saa ilionyesha kuwa tumeokoa sekunde chache, si dakika. Lakini katika mwinuko ambapo mpwa wangu alizoea kushuka gia ya pili mapema, gia ya tatu ilistahimili mpaka karibu na kilele. Sitasema pikapu ilikuwa mpya; uzee hauondolewi kwa mpira na bati. Nasema ilifika nyumbani bila kuhema sana, na binti yake alirudi shule siku ya kwanza ya muhula, karo mkononi.

Maskini mara nyingi huambiwa kuwa dawa ya shida yake iko dukani. Pengine ni kweli. Lakini kwanza apime, achunguze, aulize kitu anachokikosa ni kipi na kiko wapi. Hewa baridi ya Elburgon ilikuwako siku zote, hatua moja tu mbele ya injini, nayo ilitolewa bure. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuifikisha ndani. Na njia hiyo ilipatikana kwa mtu aliyekubali kupima kabla ya kulipa.