Kaya Moja, Makao Mawili

Mimi na kaka yangu tunaishi Mengo, bondeni kuelekea Kisenyi, katika chumba kimoja cha kupanga. Waganda huviita vyumba vya namna hii mizigo, neno linalomchekesha kila Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza. Usiku wa sensa, wa kuamkia tarehe 10 Mei 2024, tulihesabiwa hapa watu wawili. Mama na mdogo wetu walihesabiwa kijijini, upande wa Masaka, wawili vilevile. Kwa hesabu ya serikali sisi ni kaya mbili. Kwa hesabu ya sufuria ni moja.

Darasani tumemsoma Michael Todaro, aliyeandika mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaiendeleza hoja yake pamoja na John Harris. Wanasema mtu wa shamba halinganishi mapato yake na mshahara wa mjini kama ulivyo, bali na mshahara huo ukipimwa kwa uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana watu huendelea kuja ingawa kazi ni chache. Hoja ni nzuri. Ila mhamaji wao anahama peke yake, kana kwamba hana mama.

Kaka alikuja kubeba magunia kwenye mashine za kusaga mahindi Kisenyi, kisha akapewa pikipiki ya mtu aendeshe bodaboda. Kila jioni hupeleka hesabu ya shilingi 15,000, abiria wawepo wasiwepo. Kinachobaki baada ya petroli ni kodi ya chumba, ada yangu, na kidogo cha kumtumia Mama kwa simu, ambacho tangu 2018 serikali nayo hukikata kodi. Kutoka kwa Mama, kila baada ya wiki mbili hivi, huja gunia: ndizi, maharage, viazi vitamu. Siku moja nilikwenda soko la Owino nikaulizia bei ya kila kilichokuwemo. Jumla ilizidi pesa tulizokuwa tumemtumia mwezi ule. Nani basi anamlisha nani?

Jambo hili si geni Mengo. Zamani za Kabaka Mutesa na Mwanga, machifu walitakiwa kuwa na makazi karibu na ikulu, na chakula chao kilibebwa kutoka mashambani kwao. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na wabebaji. Sisi tunamtegemea utingo wa gari la Masaka.

Machi 2020, bodaboda zilipokatazwa kubeba abiria, kaka alikaa chumbani akihesabu mabati. Mwenye chumba hakusamehe kodi. Magari ya mizigo yaliruhusiwa, kwa hiyo gunia liliendelea kuja, na ndani yake, katikati ya maharage, Mama alifunga noti za kahawa aliyouza. Pesa zilikuwa zimegeuza njia.

Nayaeleza haya kwa sababu sasa kuna mvutano nyumbani. Kaka anataka tuuze nusu ya shamba la kahawa anunue pikipiki yake mwenyewe. Hesabu yake haina kosa: shilingi 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 390,000 zinazokwenda kwa mtu mwingine. Mama alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwanangu, hiyo pikipiki ikiibiwa, nitawapelekea nini?" Kaka alikasirika. Alisema mimi msomi niamue.

Nilisema shamba lisiuzwe. Najua nani analipa gharama ya jibu hilo, maana ada yangu inatoka kwenye mgongo wake, na si mimi ninayeamka saa kumi na moja alfajiri. Hakunijibu. Tulikula ndizi za Mama kimya kimya, na alipomaliza akachukua kofia yake na shilingi 15,000, akatoka kupeleka hesabu.