Mpira Ukienda Nje, Wewe Ingia Ndani

Tanga, 12 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu zako mama yako amenifikishia pamoja na ile video ya mechi uliyoamua, ingawa video ndiyo iliyotangulia. Goti la bibi yako linamsumbua kwa hizi mvua za masika, mwembe wa uani tumeukata, na harusi ya kaka yako imesogezwa mpaka mwezi wa nane. Mengine mama yako atakusimulia, yeye hana haraka kama mimi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hili la kuacha. Nimesikia, wala sikulisikia kwako, kwamba umelikunja lile shati la buluu la mwamuzi wa softiboli ukalitia mfukoni, unataka kuwarudishia waliokupa, kisa kocha mmoja kakufokea mbele ya wazazi. Nimesikia tena watu wanasema huoni. Mtoto wa dada yangu haoni! Wewe ambaye hapo Minneapolis, nyumbani kwangu, ulipokuwa na miaka sita, ulituonyesha sindano ya shangazi yako ilipoangukia kwenye zulia huku sisi watu wazima tunapapasa kama vipofu.

Video nimeitazama mara kumi na moja. Hakuna mkimbiaji kwenye beisi yoyote, nawe umesimama pale panapotakiwa: nyuma ya beisi ya kwanza, nje kidogo ya mstari, futi 18 hadi 21 kutoka beisi. Hapo sina neno. Mpigaji akaupiga mpira ukapita kati ya walinzi wa nje, kulia. Ndipo ulipoharibu. Ulianza kumfuata binti yule kwa nje, unakimbia naye kama unayemsindikiza, mpira uko mgongoni kwako. Ulipotupwa kuja beisi ya pili ulikupita sikioni, ukageuka umechelewa, ukakuta mgongo wa mlinzi na vumbi. Ukafungua mikono: salama. Kocha akalipuka.

Sasa nikwambie jambo litakalokuuma zaidi ya kelele za kocha. Huenda ulisema kweli. Mara zote kumi na moja mimi mwenyewe sikuweza kujua kama aliguswa. Ila hakuna aliyekuamini, kwa kuwa kila mtu uwanjani aliona ulikuwa umesimama mahali ambapo mtu haoni kitu. Jicho lako zima. Kilichokosea ni miguu.

Mchezo huo una beisi nne, na nyinyi mko wawili: mmoja nyuma ya mdakaji kule beisi ya nyumbani, mwingine wewe. Hesabu hiyo haikubali mtu asimame. Ndiyo maana wakubwa zetu walitufundisha neno moja, na kama hao waliokupa shati hawakukwambia basi nakwambia mimi: mpira ukienda nje, wewe ingia ndani, mpira ukibaki ndani, wewe baki nje. Ukipigwa kwenda kwa walinzi wa nje, unakata mbio kuingia ndani ya almasi ya beisi, unageuka kwa duara dogo kama ndoano, macho kwenye mguu wa mpigaji uuone unagusa beisi ya kwanza, kisha unakwenda naye ukiwa ndani. Ukiwa ndani vitu vinne vyote viko mbele yako: mpira, mlinzi anayeungoja, mkimbiaji, na beisi watakapokutana. Kimoja kikienda mgongoni, wewe si mwamuzi tena, ni mtazamaji uliyekaa pabaya.

Na mpira ukibaki ndani, kwa mlinzi wa shotistopu tuseme, usisogee kuikumbatia beisi. Tafuta pembe. Mstari wa mpira unaotupwa uukate kama msalaba, usimame futi 15 hadi 18 kutoka beisi, utulie, ndipo utazame mguu na usikilize glavu. Binti mwepesi anazimaliza futi 60 kwa sekunde 3 hivi. Ukiwa bado unakimbia wakati huo, kichwa kinatikisika na macho yanatikisika nacho. Simama kwanza. Hata ukiwa hujafika ulipopataka, simama.

Ya kugusana kwa glavu ni mengine, hapo unasogea mpaka futi 10 au 12. Lakini usizidi. Hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili, maana nililipia.

Ulikuwa msimu wangu wa tatu wa kuamua softiboli huko kwenu. Nilikuwa na kiburi, nakiri. Nilikuwa nimeshika kibendera kwenye viwanja vya soka vya mchangani vya Tanga tangu ujana wangu, miaka ambayo Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi, 1988, na mji mzima ukakesha. Nikajiona najua mistari yote ya dunia. Mechi ilikuwa ya wasichana wa shule, jioni, taa zimewashwa. Mkimbiaji yuko beisi ya kwanza peke yake, nami nimesimama kati ya beisi ya kwanza na ya pili, nyuma ya mstari, pembeni ya mlinzi, mahali ambapo mkono wa mrushaji na mguu wa mkimbiaji unaviona kwa tazamo moja. Unajua sababu: mkimbiaji haruhusiwi kuachia beisi mpaka mpira umtoke mrushaji mkononi, na wa kulikamata hilo ni wewe, si mwenzako wa nyumbani.

Binti akachomoka kuiba beisi ya pili. Nami nikachomoka. Mdakaji akatupa. Badala ya kwenda sambamba na mstari na kuuacha mpira unigeuze, nikakimbilia beisi yenyewe, nikafika nimebakiza futi 3, nimeinama, nikaona mgongo wa shotistopu, nikaona vumbi, nikaona glavu inashuka. Ngumi ikapanda juu: auti! Nilipiga kelele mpaka mabasi yaliyoegeshwa nje yakasikia. Kisha vumbi likatulia. Mpira, ule wa njano wenye nyuzi nyekundu, ulikuwa umelala chini nyuma ya kisigino cha shotistopu, peke yake, kama yai lililotagwa njiani. Uwanja mzima uliuona kabla yangu.

Hapo palikuwa na njia. Ningeweza kumwita mwenzangu, tukasogea pembeni, nikamwuliza alichoona, nikaubadilisha uamuzi. Sikumwita. Niliona haya, nikautetea uongo kwa kukaza shingo. Timu ya binti yule ikafungwa kwa mzunguko mmoja. Binti aliyetolewa hakunifokea. Alipita karibu yangu akienda benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Mpira ulianguka, bwana." Miaka imepita, sauti hiyo ningali naisikia.

Mwenzangu alikuwa mzee, mstaafu wa posta. Hakunilaumu mbele ya watu. Kesho yake jioni aliniita kwenye uwanja uleule, mtupu, akaweka glavu juu ya beisi ya pili na kutoa chungwa mfukoni. Akaniambia nigeuke. Kila nikigeuka tena ananiuliza: chungwa limo ndani ya glavu au liko nyuma yake? Nikiwa futi 3, nakosea. Nikirudi mpaka 12 lakini nyuma ya mgongo wa glavu, nakosea vilevile. Nikazunguka nikapata pembe ambayo mdomo wa glavu unanitazama: sikukosea tena hata mara moja. Kisha akalimenya, tukalila. Halikuwa tamu, si la Muheza, lakini somo lake halijanitoka. Pembe kwanza, umbali baadaye.

Wewe fanya hivyohivyo. Nenda uwanjani na mdogo wako, glavu moja, chungwa moja. Usione haya, hakuna atakayekurekodi.

Mkimbiaji akiwa beisi ya pili, hamia upande wa pili, nyuma ya bega la shotistopu, usimzibe. Mpira wa juu wenye mashaka upande wako, ukiamua kuukimbilia nje basi kaa huko. Mwenzako atamchukua mpigaji beisi zote. Na mkimbiaji wa beisi ya kwanza akienda ya tatu kwa mpira uliopigwa nje, huyo ni wa mwenzako, usimfukuzie, wewe baki na mpigaji. Haya yote myaseme kabla ya mechi, mkiwa mnabadilisha viatu, si wakati vumbi limeshapanda.

Viatu vyeusi, kamba zifungwe mara mbili. Usile chakula cha wazazi wa timu yoyote. Kocha akikufokea msikilize kwa sekunde 5, halafu rudi mahali pako. Bahasha ya malipo usiihesabu uwanjani.

Baba yako, shemeji yangu, alinicheka sana enzi zile. Alisema mzee mzima anasimamia watoto wa kike wakicheza kombolela. Mchezo huo ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo, kwa glavu ya ngumi iliyofungwa kamba na mpini wa ufagio, na mwaka 2028 Olimpiki ya Los Angeles itaupeleka mpaka Oklahoma City ukachezwe huko. Siku hiyo nitampigia simu nimwulize kama bado ni kombolela. Na kile chama cha waamuzi ambacho kwa misimu kumi na minne hakikunipa fainali hata moja, jina lake silitaji, wanajijua. Nilikuwa mzuri, mpwa wangu. Baada ya lile chungwa nilikuwa mzuri.

Nirudi kwako. Mama yako anasema unaona aibu kurudi kwa sababu kocha yule atakuwepo tena Jumamosi. Afadhali awepo. Mtu aliyekuona umesimama pabaya ndiye anayepaswa kukuona umesimama pazuri. Ukiacha leo, kwa wazazi wale utabaki yule binti aliyekimbia na mpira mgongoni. Mimi nilirudi wiki iliyofuata, kwenye timu ileile, na yule binti alikuwa beisi ya kwanza. Alinisalimia. Nilisimama futi 12 jioni nzima.

Sikusemi ili uumie. Niliporudi huku mwaka 2017 niliiacha filimbi yangu ya Tanga kwenye droo ya jikoni, kule mlikokuwa mnaweka mishumaa. Kwa softiboli haina kazi, lakini ichukue, ni yako.

Shati usilirudishe. Mpigie mwenzako wa Jumamosi kabla ya Ijumaa jioni, muulize nani anachukua nini. Na huyo anayependa kurekodi, mwambie safari hii aache kufuata mpira, aelekeze simu chini, nataka kuiona miguu yako.

Mjomba wako