Tumbo la mtoto lilivyovunja ndoa Kirumba

Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza (jina kapuni), alikimbiwa na mumewe kisa tumbo la mtoto. Dogo ana miaka 4, tumbo limevimba upande wa kushoto, damu za pua haziishi, usiku analia miguu inauma. Mawifi wakasema ni mambo ya ukoo wa mama, huko kwao wana vitu vyao. Wadau, maneno ya mawifi mnayajua.

Sasa bandama kuvimba kwa mtoto wa huku ziwani kuna sababu kibao. Kichocho kinavimbisha. Malaria hivyohivyo. Selimundu nayo, na Kanda ya Ziwa ndiko ilikojaa, tena kwa kuumiza mifupa ndiyo yenyewe. Dogo akapewa dawa za malaria, akapewa za kichocho, akapimwa selimundu, hana. Miaka miwili hiyo! Na wala si uzembe wa mtu, maana daktari anaanza na ugonjwa anaokutana nao kila siku.

Mpaka akatokea daktari mmoja wa watoto, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: kuna mtoto mwingine mliyempoteza? Yupo. Tumbo lilelile.

Wakatoa uloto wa mfupa, wakakuta seli zimejaa mafuta. Kisha matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi, kama ile ya kupimia HIV vichanga, yakatumwa nje. Jibu: ugonjwa wa Gaucher, ulioelezwa na daktari Mfaransa tangu 1882. Mwili unakosa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta, basi yanarundikana kwenye bandama, ini na mifupa, kama mtaa usiopitiwa na gari la taka.

Dawa ipo, Marekani waliiruhusu 1991. Ni dripu kila wiki mbili, maisha yote, na bei yake utakaa chini. Baadhi ya watengenezaji hutoa bure kwa nchi zisizomudu, ila bila majibu ya kipimo huanzi hata kuomba.

Halafu sasa: ugonjwa huu mtoto haupati kwa mzazi mmoja. Lazima baba na mama wote wabebe kasoro, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

Jamaa kasikia, anataka kurudi. Kaambiwa aanze kwa dada zake, akawasomee majibu.