Sala niliyoomba wodini ikanirudi mwenyewe

Wadau, leo mastaa wapumzike kidogo. Najua wengine mmeingia hapa kutafuta muendelezo wa yule dada na gari la kuazima. Utakuja, tulieni. Leo najisema mwenyewe.

Kiukweli mimi kujiunga na vijana wa kanisani kwetu wanaotembelea wagonjwa, nilifuata picha. Nilikuwa naona wenzangu wanaposti wameshika maboksi ya sabuni, komenti zinamiminika "ubarikiwe dada", nikasema na mimi nipate za kwangu. Nikatoa mchango wa elfu tano, nikasuka, Jumamosi nikawahi kituoni.

Tumefika getini, kiongozi wetu akasema simu zote ziingie mifukoni, mgonjwa hapigwi picha. Jamani, nilinuna! Yaani nimesuka ya elfu thelathini halafu nikagawe miswaki kimyakimya?

Tuliingia wodi ya akina mama wanaotibiwa kansa. Kwa usiyejua, mionzi siyo sindano kwamba unachomwa unaenda zako. Wengi wanapigwa siku tano kwa wiki, Jumatatu mpaka Ijumaa, na inaweza kwenda hata wiki tano. Sasa mtu katoka Kigoma, Dar hana ndugu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wenzake wanafunguliwa mahotipoti, harufu ya pilau imejaa wodi nzima, yeye anageukia ukutani kama vile kalala.

Mimi nilipangiwa bibi mmoja wa hivyo. Shikamoo, marahaba, akanionyesha ndoo chini ya kitanda: kanga mbili na gauni. Nikazifua bombani nyuma ya wodi, nikaanika juani. Vidole vilichubuka, maana nyumbani kufua namwachiaga mdogo wangu.

Muda wa kuondoka, kiongozi akanipa mimi nifunge kwa sala. Kuomba najua, nimekulia kwenye jumuiya. Nikafumba macho nikaachia ile tunayoombaga wote: Baba tunakushukuru kwa uzima, siyo kwamba sisi ni wema sana, wapo wengine muda huu wako hoi vitandani, wengine hata uji haupiti kooni, lakini sisi umetujalia kusimama...

Hapo kwenye uji nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Nikafumbua jicho moja. Wodi nzima wameinamisha vichwa, wananiitikia "Amina". Wale wengine wa vitandani nilikuwa nimesimama katikati yao.

Sikumbuki nilimaliziaje. Nakumbuka bibi alinipungia mkono nisogee.

"Mjukuu wangu, umeomba vizuri. Ila nisaidie kitu. Nyie mnashukuru kwa sababu yetu. Na sisi tushukuru kwa sababu ya nani? Wa makaburini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mama wa kitanda cha pili naye akacheka, anajifuta macho na ncha ya shuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini wale walikuwa wanacheka kweli, siyo kwa kunikomoa. Nikaenda kumletea zile nguo. Akainusa kanga moja, akajifunika miguu. "Mimi leo nitashukuru hii. Imekauka."

Kwenye daladala nikamkumbuka yule Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni kushukuru kwamba yeye siyo kama wengine. Sunday school niliwahi kumwigiza, na mto nimejifunga tumboni nionekane tajiri. Nilipigiwa makofi kweli.

Nikaanza kuhesabu shukrani zangu. Namwona kijana kwenye taa anaomba kwa bakuli: asante Mungu. Rafiki yangu kaachwa mwezi mmoja kabla ya harusi, nampa pole, moyoni asante Mungu. Na humu ndani je? Tukipeana habari ya staa aliyefulia, kodi imemshinda, nusu ya utamu ni nini kama siyo kwamba angalau siyo mimi? Nawauliza na nyie, maana zile posti ndiyo mnazozisoma zaidi. Mimi ndiye ninayeziandika.

Siwezi kuwadanganya kwamba nimebadilika nikawa malaika. Ila narudi. Bibi alimaliza mionzi yake, nilipokwenda mara ya tatu nikaambiwa ameshapanda basi kwenda kwao. Ndoo aliiacha kwa mama wa kitanda cha pili.

Jumamosi iliyopita nikapewa tena sala. Safari hii nikapita kwanza kitanda kwa kitanda nikawauliza, "Mama, leo nikusemee nini kwa Mungu?" Mmoja akasema mwanae amepiga simu. Mmoja akaniambia nisimsemee kitu, wana ugomvi wao na Mungu, wataumaliza wenyewe. Nikamwacha. Yule mama mwenye ndoo akaangalia juu akasema, "Mshukuru umeme haujakatika. Hii feni inazunguka tangu asubuhi."

Nikaomba hivyohivyo kama walivyosema, na feni nikaitaja. Amina ya siku hiyo ilikuwa na kelele kidogo.

Haya, muendelezo wa gari la kuazima ni kesho jioni.