Kipepeo wa Mbigili

Mama mwenzangu, ukifika Tanga usiishie sokoni. Pita hospitali ya Bombo, uendelee hadi Raskazone, rasi yenye mibuyu, nyumba za kizamani na upepo mwanana wa bahari. Wageni huonyeshwa Kisiwa cha Toten, kisha husimuliwa habari za Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha hapa askari wao, wengi wao Wahindi, ili wauteke mji kutoka kwa Wajerumani, na nyuki wakawavamia vitani.

Nyuki hao wameingia vitabuni. Mimi nampenda mdudu mwingine, asiyesimuliwa na mtu. Baada ya mvua, jua likiwaka, tazama mchangani kando ya njia, pale mbigili inapotambaa na maua yake ya njano. Utaona kipepeo mdogo mno, mabawa yake yakitandazwa ni kama sentimita 2 tu, akiruka chini chini, kimo cha kifundo cha mguu. Dume ni buluu. Jike ni kahawia. Akitua na kufunga mabawa huwa rangi ya majivu yenye vidoa, na hapo humwoni tena. Wataalamu humwita Zizeeria knysna, kutokana na mji wa Knysna, Afrika Kusini. Ndugu zake wa karibu huishi hata kwenye nchi kame za Uarabuni.

Ajabu ni mahali jike anapowawekea wanawe chakula. Hutaga kwenye mbigili, mmea uleule unaochoma nyayo za watoto wetu na kutoboa matairi ya baiskeli! Tangu habari ya Adamu tumezoea kuihesabu miiba kuwa laana. Lakini mbigili hustahimili ukame, na kiwavi wa kijani hushiba majani yake, huku sisimizi wakimzunguka kulamba utamu anaoutoa, wala hawamdhuru.

Sasa, uwanja usiolimiwa majirani watausema, na mtoto akichomwa, ni wewe utakayeshika sindano kuutoa mwiba. Kwa hiyo wanapocheza watoto, ng'oa bila huruma. Ila nyuma ya ukuta, kuelekea baharini, usimwage dawa ya magugu. Kiwavi hana miguu ya kukimbilia kwa jirani.

Wapeleke watoto mwendo wa saa nne asubuhi. Wavae viatu.